Mwalimu Aliyefunika Jibu

Wapo watu hapa Njombe wanaosema kwamba mwalimu wa fizikia wa shule yetu alikwenda Ulaya akarudi mikono mitupu. Nimewasikia sokoni, nimewasikia nje ya kanisa baada ya ibada, na kwa muda mrefu nilikuwa nawaitikia kwa kichwa. Siitikii tena. Nimezeeka, biashara ya mbao nimewaachia wanangu, na sina mtu wa kumwogopa. Nitaeleza nilivyomjua mimi, jirani yake wa ng'ambo ya ua, niliyekuwa pia mjumbe wa bodi ya shule ya kanisa aliyofundisha.

Alikozaliwa na ukoo wake waulizeni wengine. Mimi naanza na mdomo wake, maana ndio uliomtangulia kila mahali.

Siku moja nilimpa lifti kwenda Makambako. Tulisimama kunywa chai pale njia panda, maroli yamepanga mstari, mengine yanatoka Zambia, mengine yanashuka Songea, yote yamefungwa maturubai. Akayatazama weee, halafu akaniuliza:

"Mzee, ukitaka kujua lile roli limebeba nini na dereva hataki kusema, utafanyaje?"

"Nitamuuliza tanboi."

"Tanboi naye hajui."

"Basi nitaachana nalo. Si mzigo wangu."

"Ndiyo maana wewe ni mfanyabiashara. Sisi tungesubiri ligongane uso kwa uso na jingine, tuokote kilichomwagika."

Dereva aliyekuwa meza ya pili aligeuka na chapati mdomoni. "Mama! Laana hiyo usiitolee hapa, sisi tuna safari!"

"Samahani, baba," akamjibu. "Mimi nazungumzia maroli madogo sana."

Ndivyo nilivyojifunza kazi aliyokuwa akiifanya huko ng'ambo kabla hajarudi kutufundishia watoto. Kuna bomba refu lililojikunja kama pete, limezikwa chini ya ardhi. Ndani yake wanakimbiza chembe ndogo kuliko atomu, kundi moja huku na kundi jingine kule, mpaka zinagongana. Katika mgongano huo zinatokea chembe nzito ambazo hazidumu. Zinavunjika kabla hujapepesa jicho, na watu wa kazi yake huzisoma kwa vipande zinavyoviacha. Nilipodhani nimeelewa, akanivuruga tena. "Mfano wangu wa maroli ni mbovu," alisema tukiwa tumeshaingia garini. "Kule kinachomwagika hakikuwemo kwenye roli. Kinazaliwa na kishindo chenyewe."

Hiyo ilikuwa tabia yake. Akikupa mfano, kesho yake anakuja kuubomoa yeye mwenyewe kabla hujauzoea.

Shamba lake lilikuwa dogo, nyuma ya nyumba: viazi, kabeji, na maharage ya kupanda yaliyosimikiwa miti. Msimu mmoja alitoa kioo cha kabati lake la nguo akakiegemeza kwenye gogo katikati ya maharage. Majirani walianza kupita njia nyingine. Mke wangu akanituma nikaulize kama mwanamke yule amepatwa na jambo.

"Hebu chuchumaa, Mzee," akaniambia badala ya salamu. "Fuata mche huu kwa kidole. Unajizungushia wapi?"

Nikaufuata. Nikamwonyesha.

"Na wa kwenye kioo?"

"Kinyume."

"Umewahi kuuona huo wa kwenye kioo ukiota shambani?"

Nikasema sijawahi, lakini sijawahi pia kutazama. Akanituma nikatazame. Nilizunguka shamba langu, nikaenda kwa shemeji yangu, nikajipinda hadi kiuno kikauma. Yote yalizungukia upande uleule. Nilikuwa nimelima maharage tangu utoto wangu na sikuwa nimeliona hilo.

Akanieleza kwamba wataalamu wa kale waliamini nguvu za asili hazijui kulia wala kushoto, kwamba kila kinachotokea kwenye kioo kingeweza kutokea duniani. Ulikuwa ulinganifu mzuri na kila mtu aliupenda. Kisha watu wakapima, wakakuta nguvu mojawapo, ile inayovunja chembe, inajua kushoto na kulia vizuri kuliko askari kwenye gwaride. Kioo kilikuwa kinatudanganya.

"Sasa kuna kioo cha pili," alisema, "na hicho ndicho changu." Kila chembe ina mwenzake wa kinyume, na wakikutana wanafutana. Mwanzo wa dunia, kadiri tunavyojua, vilitokea vyote viwili kwa wingi sawa. Kama vingekuwa na tabia ileile kabisa, vingefutana vyote, isibaki hata punje ya kuumbia Njombe.

"Lakini tupo," nikasema.

"Tupo. Ndiyo kesi yenyewe."

Kwa hiyo walikuwa wanauliza kama chembe nzito na kinyume chake zinavunjika kwa namna moja. Kwenye baadhi ya chembe, tofauti ilikwisha kuonekana zamani, lakini ndogo mno, haitoshi kueleza kwa nini tupo. Yeye na wenzake walikuwa wanaitafuta mahali pengine, katika mvunjiko mmoja adimu. Kurudi kwake nyumbani hakukumtoa kwenye kazi hiyo. Aliifanya jioni kwa kompyuta, akizungumza na wenzake wa huko kwa mtandao, na mtandao ukikatika tulimsikia akiugombeza kama mbuzi aliyeingia bustanini.

Mchungaji wetu wa wakati ule alimuuliza mbele ya watu, "Mwalimu, kwani Mungu hatoshi kuwa sababu?"

"Baba Mchungaji," akasema, "mimi sijauliza ni nani. Nauliza ni kwa njia gani."

Na Jumapili iliyofuata alikuwa kwenye benchi lake la mbele, upande wa akina mama, akiimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko wote. Hakuwa na sauti nzuri. Hilo nalo hakukubali kulipima.

Kilichonivuta zaidi ni desturi yao ya kufunika jibu. Katika kundi lao, alisema, hakuna aliyeruhusiwa kuona matokeo wakati kazi inaendelea. Kompyuta inaongeza juu ya jibu namba ya siri ambayo hakuna anayeijua. Mnabishana kuhusu njia ya kupima, mnakaguliwa na wenzenu wasio na huruma, mnarekebisha. Mkishakubaliana wote kwamba njia ni safi, ndipo siri inaondolewa, na kinachotokea hapo mnakitangaza, mkipende msikipende. Baada ya kuona huruhusiwi kurudi nyuma kuchezea njia.

"Kwani hamuaminiani?" nikamuuliza.

"Mimi sijiamini mwenyewe. Ukishajua jibu unalolitaka, mkono unakusaidia bila kukuaga."

Alitembea na desturi hiyo kila mahali, na ikamgombanisha na watu. Tulikuwa na jirani, mstaafu wa kiwanda cha chai, mtu wa Lupembe, mwenye majivuno yake. Jioni moja uani kwangu alitamba, "Chai ya Lupembe mimi naijua hata nikiwa nimefumba macho."

"Basi fumba," mwalimu akasema.

Akaomba chai ya aina kadhaa za dukani ipikwe. Mke wangu akamimina akiwa jikoni peke yake, vikombe vya namna moja, na yeye mwalimu akakataa kuambiwa kipi ni kipi. "Nikijua mimi, uso wangu utamwambia." Mstaafu akaonja kwa utaratibu, akavuta pumzi, akazungusha ulimi, akanyanyua kikombe kimoja: "Hii hapa. Hili ndilo jani la kwetu, limekunywa umande." Mke wangu akatoka jikoni amejifunika mdomo kwa kanga. Ilikuwa chai ya mkoa mwingine kabisa.

Watu walicheka mpaka kuku wakaruka. "Mmenichezea!" mzee wa Lupembe akafoka. "Mwanamke huyu ana kitu!"

"Sina kitu. Na sasa zamu yangu," mwalimu akasema, kwani naye alikuwa akijidai anayatambua maji ya chemchemi na ya bomba kwa kuonja. Akaonja. Akakosa. Hakusema maji yalikuwa na joto, hakusema ulimi umeungua. Alichukua kipande cha chaki mfukoni akaandika kwenye mlango wa jiko langu kwamba mstaafu amekosa, na chini yake: *Mwalimu, amekosa.* Maandishi yale yalikaa pale mpaka tulipopaka rangi upya. Mzee wa Lupembe alipatana naye tena kwa sababu ya mstari ule wa pili.

Msidhani namchora malaika. Alikuwa mkali kupita kiasi. Mtoto aliyeshindwa kwa kutojaribu alimsema mpaka akalia, na aliyejaribu akashindwa alimwita nyumbani kula viazi. Mtoto hakujua yupo kundi gani hadi aone sahani. Alitaka dunia nzima ipimwe isipokuwa presha yake. Muuguzi wa zahanati alikuwa akimkimbiza barabarani. Alichukia ushirikina lakini hakukubali mtu afagie nyumba yake jua likishazama. Nilipombana alisema, "Hiyo si imani, hiyo ni mama yangu." Alidai hajali mavazi, na wakati huohuo alikuwa na viatu vyekundu vya Ulaya alivyovifuta matope kila hatua ya mwezi wa nne.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe wanayoisema vibaya.

Shule yetu haikuwa na maabara. Ilikuwa na chumba chenye kabati lisilofungwa na birika la umeme. Mwalimu aliililia maabara hiyo kwenye kila kikao cha bodi. Mimi nilikuwa namjua tajiri mmoja wa Makambako aliyenunua mbao kwangu, mtu wa kupenda jina lake lisikike. Nilijua pia kwamba kipimo cha kwanza cha akina mwalimu kilikuwa kimedokeza tofauti, na kwamba sasa walikuwa na migongano mingi zaidi, jibu limefunikwa, karibu kufunuliwa. Nikaunganisha mambo hayo mawili kama fundi anayeunga paa kabla ya ukuta. Nilimwambia tajiri: shule yetu inatoa mgunduzi. Akasema, "Akigundua, najenga maabara." Tukapanga sherehe: kwaya mbili, ng'ombe, mgeni rasmi yeye mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati nilikuwa mimi.

Mwalimu aliposikia alikuja uani kwangu bila hodi.

"Mzee, unapika kabla hujawinda."

"Mwalimu, si mlishaiona?"

"Ilidokezwa. Ahirisha sherehe."

"Kadi zimeshakwenda."

"Basi zikarudishwe!"

Sikuahirisha. Nilikuwa nimeshaona jengo kichwani, lina madirisha na mabati ya kijani.

Jibu lilifunuliwa siku moja kabla ya sherehe. Nilimkuta jikoni kwake anamenya viazi.

"Vipi?"

"Hakuna."

"Hakuna kitu?"

"Hakuna tofauti. Zinavunjika sawasawa, kwa kadiri tulivyoweza kupima. Kidokezo kile kilikuwa bahati ya namba."

Nikakaa kwenye kigoda. Ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Nikamwambia, na ninayaandika haya kama nilivyoyasema, "Mwalimu, huwezi kusema ipo, ila ni ndogo? Nani hapa atajua?"

Hakuacha kumenya. "Kama ipo, ni ndogo kuliko macho yetu. Hiyo si sawa na kusema ipo."

"Ni maabara, Mwalimu. Ni watoto wako."

"Ni watoto wangu. Ndiyo maana."

Kesho yake ukumbi ulijaa. Kwaya zikaimba, tajiri akakaa mbele na suti ya kijivu, na mwalimu akasimama na viatu vyake vyekundu. Hotuba za wengine siku ile sizikumbuki, lakini yake ninayo.

"Tulitafuta tofauti," alisema. "Tumetafuta miaka, watu wengi wa nchi nyingi. Katika mvunjiko huu tumepima kwa makini kuliko yeyote aliyetutangulia. Hatukuiona."

Msichana mmoja wa kidato cha tatu akasimama bila kuruhusiwa. "Sasa Mwalimu, kama hapo hakuna, imekuwaje sisi tupo?"

Ule uso! Niliwahi kumwona akifurahi, lakini si hivyo. "Hiyo ndiyo kazi uliyobakiziwa," akamwambia. "Kaa, mwanangu."

Tajiri akainuka. "Nilialikwa kwenye ugunduzi. Mimi sijengi nyumba ya hapana."

Nilimwangalia mwalimu kwa macho ya kumsihi. Akamgeukia tajiri na wala hakupandisha sauti.

"Basi usijenge, baba. Lakini sikiliza. Ng'ombe wako akipotea, ukatuma watu mabondeni, mmoja akarudi akakwambia, bonde hili nimelipita lote, hayumo. Huyo kakuletea nini? Kakuletea bonde zima ambalo hutalirudia. Anayekwambia nimemwona, na hajamwona, atakulaza nje na baridi hii."

Tajiri aliondoka kabla ya chakula. Nyama ililiwa na wanafunzi, na mwalimu alikula nao, akaongeza.

Bodi ilimwita. Ilitaka aandike barua ya kuomba radhi kwa kuiaibisha shule. "Niombe radhi kwa lipi? Kwa kupima?" akauliza, akitupitia mmoja mmoja mezani. Aliponifikia nilikuwa nasoma ajenda. Ningeweza kusema kwamba sherehe niliing'ang'ania mimi na kwamba yeye alinikataza. Sikusema. Barua hakuiandika; muhula uliofuata alikuwa anafundisha Makambako, katika shule nyingine, na ng'ambo ya ua wangu wakaja wapangaji wengine.

Yule msichana aliyesimama alikwenda chuo kikuu. Sisemi kwamba amegundua chochote. Ni mwalimu wa fizikia sasa, na ndiye aliyewakusanya wenzake waliosoma naye. Wakawaendea wazazi, watu wakafyatua tofali, kila kijiji na tanuri lake, hadi kule Igwachanya, nami nikatoa paini zangu kwa ajili ya kenchi za paa na milango. Mwaka huu maabara imesimama. Mabati yake si ya kijani, lakini haivuji.

Bodi ikanituma Makambako nikamwalike aifungue. Nilimkuta kwa mama lishe karibu na stesheni, mchana, sahani ya chipsi na kabeji mbele yake. Nywele zimekuwa nyeupe zote. Aliniona kabla sijamwona.

"Shikamoo, Mzee. Umekonda."

"Marahaba, Mwalimu. Wewe hujaacha mdomo wako."

Nikamweleza. Alisikiliza ameshika uma, hakula. Nilipomaliza nikamwonyesha picha kwenye simu yangu: jengo, madirisha, na juu ya mlango ubao mpana wa paini uliochongwa herufi kubwa. Akaikuza picha kwa vidole.

"Soma hapo."

Nikasoma. Ubao ulisema kwamba maabara ni ya heshima yake, *mgunduzi wa siri ya maumbile*.

"Nani kaandika?"

"Bodi. Mimi niliunga mkono." Nilikuwa nimedhani ni zawadi.

"Nimegundua siri gani, Mzee?"

Treni ya mizigo ilipita, tukangoja imalizike. Ilikuwa ndefu. Nilipata muda wa kutosha kuona nilichofanya: yaleyale, safari hii kwa kuchonga.

"Siji," alisema. "Watoto wataingia chini ya ubao huo kila siku kujifunza kupima. Siji."

Nikachukua simu nikampigia mwenyekiti wa bodi hapohapo, mbele yake, na spika nikaiwasha.

"Mwenyekiti, haji mpaka neno mgunduzi litoke."

"Ah, Mzee, neno moja tu! Mkuu wa wilaya anakuja, kadi zimeshakwenda. Mbembeleze kidogo, wewe si ndiye unayemjua?"

"Namjua. Ndiyo maana simbembelezi."

"Sasa unataka tumwambie nani alifute? Herufi zimechongwa, Mzee, si karatasi hiyo ya kufuta!"

"Ubao ule ni wangu, nilitoa mimi," nikasema. "Na siku ile ya sherehe ya kwanza alinikataza, nikakaidi. Hilo nalo liandikeni kwenye kumbukumbu za kikao. Nakuja na randa, nilirande neno hilo."

Akakata. Mama lishe alikuwa amesimama na sufuria mkononi, anatusikiliza bila aibu. Mwalimu alisukuma sahani yake katikati ya meza, upande wangu, nikala chipsi mbili tatu zilizopoa. Alikuwa ananitazama kama alivyokuwa akimtazama mtoto aliyejaribu.

"Randa yako ina makali?"

"Ina makali."

Akainuka, akachukua mkoba wake. "Basi twende."